Mtoto Aliyerudishwa Nyumbani

Huko Barcelona, nchi ya Hispania, ipo nyumba ya shamba iliyojengwa mwaka 1702, iitwayo La Masia. Mwaka 1979 chama cha mpira cha mji huo kiliifanya bweni la vijana wake. Tangu 2011 wanakaa katika jengo jipya. Andrés Iniesta aliingia mwaka 1996, mwenye miaka 12, naye amesimulia jinsi alivyolia kwa kuwakumbuka wazazi wake. Baadaye akawa bingwa wa dunia.

Machozi hayo twayasikiliza kwa furaha, kwa kuwa twajua mwisho wake. Je, yule aliyelia katika kitanda cha jirani, kisha akaambiwa hafai? Naye alimwacha mama yake, akatoa miaka ile ile. Na walio kama yeye ndio wengi.

Chama chaweza kujibu: hatukumwahidi kitu, tena tulimpa chakula na shule. Jibu hilo lamfaa mtu mzima aliyefanya biashara. Mtoto wa miaka 12 hajui kupima hasara. FIFA imekataza kuwahamisha watoto chini ya miaka 18 toka nchi hata nchi, isipokuwa kwa sababu chache, na mwaka 2014 ilikiadhibu chama hicho hicho kwa kuivunja sheria hiyo. Ni vema, ila sheria hiyo hulinda mlango wa kuingilia tu. Penye mlango wa kutokea yampasa asimame mwalimu yule yule aliyemchagua mtoto, amsindikize mpaka apate shule au kazi, ijapokuwa hana faida naye tena.