Kipande cha Ndoa

Je, mtu anayesahau tarehe aliyofunga ndoa amemkosea mwenzake?

Swali hili linaonekana dogo, la watu wenye nafasi. Lakini siku hizi limefika hadi huku kwetu Kasulu na Kibondo, limekuja na simu. Asubuhi unafungua WhatsApp unakuta binti fulani ameweka picha ya harusi yake, mioyo myekundu imejaa, na maneno kwamba leo wametimiza miaka saba. Jioni unakutana na mama yake anatoka shamba, mzigo wa kuni kichwani. Muulize yeye na mzee wake wametimiza miaka mingapi. Atacheka tu. "Mwanangu, mimi nililetwa hapa kiangazi, tulipomaliza kupiga maharage. Mwaka wenyewe utahesabu wewe uliyesoma."

Kicheko hicho watu wanakitumia kwa njia mbili. Wapo wanaosema: unaona, haya mambo ya anivesari ni ya mjini, ndoa ya kweli haihitaji keki. Wapo wanaosema: unaona, watu wa vijijini hawajui kuienzi ndoa. Mimi sikubaliani na upande wowote, na sababu yangu haihusu keki.

Tuanze na hili la kukumbuka. Si kweli kwamba wazee wetu hawakumbuki. Wanakumbuka kwa kalenda nyingine. Mmoja atakwambia alioa kabla ya Operesheni Vijiji, na migomba aliyompandia mkewe ilibaki kule walikohamishwa, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mwingine atasema mtoto wao wa kwanza alikuwa anatambaa Warundi walipoingia. Hapo unajua ni mwaka 1993, Rais Melchior Ndadaye alipouawa mwezi Oktoba na maelfu ya watu wakavuka mpaka kuja Kibondo na Kasulu. Kijana wa juzi naye atasema alioa kambi ya Nduta ilipofunguliwa tena, yaani 2015. Mwingine anakumbuka tu kwamba Kakonko ilikuwa bado ni sehemu ya Kibondo.

Kalenda hii ina jambo moja zuri. Tarehe kama Agosti 14 ni ya watu wawili, na wakinyamaza wote wawili imekufa. Lakini "mwaka ule Warundi walipoingia" ni mwaka wa kijiji kizima. Jirani anaujua, shemeji anaujua, hata adui yako anaujua. Ndoa iliyofungwa kwenye mwaka wa namna hiyo ina mashahidi wengi kuliko walioandikwa kwenye cheti.

Basi tatizo si kukumbuka mwanzo. Tatizo ni kujua tunahesabu nini tangu ule mwanzo.

Hapa naomba msomaji anivumilie, twende Tanga kidogo. Wakati wa Waingereza mkoa huu wa Kigoma ulikuwa ghala la vibarua. Waha wengi walichukuliwa kwenda kukata mkonge huko Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mtu alipewa namba. Na walikuwa na kadi iliyoitwa kipande. Kipande kilikuwa na nafasi za siku 30, lakini si siku 30 za kalenda. Zilikuwa siku 30 za kazi. Siku uliyokwenda shambani ukamaliza kazi uliyopimiwa, ilitiwa alama. Siku uliyolala, uliyougua au uliyoshindwa kumaliza, haikuandikwa. Mwezi wa kipande kimoja ungeweza kuvuka mwezi wa kawaida ukaingia mwingine, na mshahara ukasubiri mpaka kijae.

Ulikuwa utaratibu wa kunyonya watu, sina haja ya kuupamba. Lakini nimeufikiria sana, kwa sababu ndani yake kuna swali ambalo maadhimisho ya ndoa yanalikwepa. Mtu akisema "tumetimiza miaka 30", anahesabu kwa kalenda au kwa kipande? Kalenda inajaa yenyewe. Ukilala inajaa, ukilewa inajaa, ukienda Tanga ukakaa miaka minane bila barua inajaa vilevile. Kipande hakijai mpaka mtu afanye kitu.

Na angalia jambo lingine. Yule manamba, pamoja na kunyonywa kote, alikuwa na karani wa kumtilia alama. Mke aliyebaki huku milimani akilima mihogo, akikamua ndizi za pombe, akimuuguza mama mkwe, hakuwa na kipande. Siku zake hazikuandikwa na mtu. Mume akirudi na blanketi na baiskeli, watu wote waliona alichokileta. Alichokifanya mke hakikuonekana, kwa sababu kilikuwa kimekwisha kuliwa.

Mkonge ule haupo tena kama zamani, na vijana wetu sasa wanakwenda kwingine. Lakini nadhani bado tunahesabu kwa namna ileile.

Chukua maharage. Hapa Kasulu maharage ndiyo ada ya shule, ndiyo bati, ndiyo dawa. Mbegu inachaguliwa na mke, anaitunza kwenye chungu au kwenye ndoo yenye majivu. Analima, anapalilia mtoto akiwa mgongoni, anang'oa, anaanika, anapiga, anapepeta. Kisha linakuja fuso. Fuso likifika, mwenye kuongea na dalali ni baba. Wanabishana lumbesa, wanapima, wanahesabu noti, noti zinaingia mfuko wa suruali. Katika hatua zote za maharage, hiyo ya mwisho ni fupi kuliko zote, lakini ndiyo peke yake inayoitwa "kuuza maharage ya fulani". Na fulani ni mwanamume.

Sasa baba huyo, tuseme ni mwungwana, hanywi pombe ikazidi, anarudi kutoka sokoni na doti ya kitenge kizuri. "Mama, hii ni zawadi yako. Nimekumbuka tulioana msimu huu." Mke anashukuru, anapiga magoti. Majirani wanasifu. Kwa kweli afadhali huyu kuliko yule anayemaliza hela kilabuni, au anayeoa mke wa pili kwa fedha za gunia la mke wa kwanza, na hao wapo, kila mavuno tunawaona.

Lakini tuulizane kwa upole: amempa zawadi, au amemrudishia sehemu ndogo ya jasho lake mwenyewe na kuchukua shukrani juu yake?

Hapo ndipo naona kosa lilipo. Zawadi ni kitu cha hiari. Mtoaji anachagua atoe nini, lini, kiasi gani, na mpokeaji hana swali la kuuliza. Nikikupa zawadi ukaniuliza "mbona ndogo?", wewe ndiye mwenye adabu mbovu. Kwa hiyo anayegeuza haki ya mtu kuwa zawadi amemfunga mdomo kwa mkono huohuo anaompa kitenge.

Sheria yetu, pamoja na mapungufu yake, imeliona jambo hili mapema kuliko sisi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawajua kuwa ni mume na mke, itachukuliwa kwamba wameoana, mpaka athibitishwe vinginevyo. Haiulizi tarehe ya keki. Inauliza mlivyoishi na macho ya majirani. Na kifungu cha 114 kinasema ndoa ikivunjika, mahakama iangalie mchango wa kila mmoja katika kupata mali, uwe wa fedha, wa mali au wa kazi. Neno hilo "kazi" lilibishaniwa sana, hadi mwaka 1983 Mahakama ya Rufani katika kesi ya Bi Hawa Mohamed ikakubali kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango. Bi Hawa mwenyewe hakushinda rufani yake. Lakini wanawake wengi waliokuja nyuma yake wamesimama kwenye jibu lile.

Inasikitisha kidogo, au siyo? Kwamba mke wa kijijini anahesabiwa siku zake kwa mara ya kwanza siku ndoa inapovunjika, au siku mume anapokufa na shemeji wanakuja kuuliza mipaka ya shamba. Hapo ndipo wanatafutwa mashahidi: alikuja lini, alilima wapi, migomba ile nani aliipanda. Kipande kinaandikwa kaburini.

Najua mtu atanijibu: mwalimu, wewe unataka kugeuza ndoa kuwa duka. Mapenzi hayahesabiwi. Mke na mume wakianza kuandikiana deni, hapo hakuna ndoa tena.

Hoja hii ina uzito, siifichi. Ni kweli kuna mambo ukiyahesabu yanaharibika. Mtu aliyekesha na wewe ukiwa na malaria, akakupa uji asubuhi, kisha akakuandikia bili, amekuumiza kuliko malaria. Kati ya watu wanaopendana lazima kuwe na mengi yasiyopimwa.

Ila angalia ni nani anayesema "tusihesabu". Mara nyingi ni yule mwenye noti mfukoni. Yeye ameshahesabu, amehesabu mbele ya dalali, akarudia mara mbili, akalamba kidole. Kutohesabu kunaanzia pale alipomaliza yeye. Kama kweli hatuhesabu, basi tusihesabu wote, noti ziwekwe mezani na kila mmoja achukue bila kuuliza. Hilo hakuna anayelitaka. Kwa hiyo kuhesabu kumekuwepo muda wote, kilichokosekana ni kuhesabu wakiwa wawili.

Na kuna tofauti kati ya kudaiana na kuonana. Ninapomwambia mke wangu "msimu huu ulipalilia heka mbili peke yako mimi nikiwa kwenye semina", sijamlipa chochote. Nimetia alama tu. Nimesema nimeona. Nadhani hiyo ndiyo kiu kubwa ya mtu yeyote aliyeishi na mwenzake miaka mingi, kuliko kitenge na kuliko keki: asikie kwamba siku zake hazikupita bure kwa sababu tu zililiwa.

Ndiyo maana sizicheki anivesari za kwenye simu. Yule binti wa miaka saba anataka kitu cha haki: anataka siku moja katika mwaka ambapo ndoa inatazamwa, si kuishiwa tu. Wazungu wana fedha kwa miaka 25 na dhahabu kwa miaka 50, na makanisa yetu yameipokea jubilei hiyo. Ukiwaona wazee wamesimama mbele ya altare wameshikana mikono unatokwa na machozi. Shida ni kwamba picha inahesabu kwa kalenda. Inasema saba. Haisemi saba za nani.

Mimi ningependa sisi wa milimani tuwe na yetu. Tusitafute tarehe ambayo hatuna. Tuchukue siku fuso linapoondoka. Jioni ile, kabla hela haijaenda popote, mume na mke wakae chini, watoto wakubwa wakiwepo ikiwezekana, fedha iwe mezani. Waseme gunia ngapi zimetoka, bei gani, lumbesa imekula kiasi gani. Waseme nani alifanya nini msimu huu. Kisha waamue pamoja: ada, bati, mbegu, na kitenge kama kinatakiwa. Kitenge kikinunuliwa baada ya hapo, kitakuwa zawadi kweli, maana kitatoka kwenye fungu la anayetoa.

Kuna jirani zangu wawili, wamezeeka sasa, wanafanya karibu hivyohivyo. Hawajui tarehe yao. Nilimuuliza yule bibi kwa nini wanajisumbua, wakati mzee ni mpole na angempa tu. Akanitazama kama mtoto aliyeuliza kwa nini maji yanatelemka.

"Akinipa tu," akasema, "nitajuaje kama anajua?"