Amana ya Mwalimu: Suala la Maadili katika Kufundisha Fahrenheit 451

Riwaya ya Ray Bradbury iitwayo Fahrenheit 451 ilichapishwa nchini Marekani mwaka 1953. Kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa vitabu vinavyosomwa sana katika madarasa ya Kiingereza ya shule za upili nchini humo, sawa na Nineteen Eighty-Four ya George Orwell na Brave New World ya Aldous Huxley. Hizi ni riwaya za distopia, yaani kazi zinazosawiri jamii ya kubuni ambamo maovu tunayoyaona yakichipuka katika jamii halisi yamekua hadi yakatawala. Katika riwaya ya Bradbury, mhusika mkuu, Montag, ni askari wa zimamoto ambaye kazi yake si kuzima moto bali kuuwasha. Akisikia mtu ameficha vitabu, huenda akaviteketeza pamoja na nyumba.

Makala haya hayakusudii kuichambua riwaya hiyo kifani. Yanakusudia kuzingatia swali la maadili linalomkabili kila mwalimu wa fasihi: mwalimu ana mamlaka gani juu ya kitabu anachokipeleka darasani, na juu ya mwanafunzi anayelazimika kukisoma? Tumeichagua riwaya hii kwa sababu historia yake yenyewe shuleni imelijibu swali hilo vibaya, na katika kujibu vibaya imetufundisha mengi.

Mwaka 1967 wachapishaji wake, kampuni ya Ballantine, walitoa toleo maalumu kwa ajili ya shule za upili. Vifungu zaidi ya 75 vilibadilishwa. Maapizo yaliondolewa, neno la kuavya mimba likatolewa, na mlevi mmoja akageuzwa mgonjwa. Kwa miaka sita toleo hilo na lile kamili yaliuzwa sambamba. Kisha, kuanzia 1973 hadi 1979, toleo lililokatwa ndilo pekee lililochapishwa, hata msomaji mtu mzima akawa ananunua kitabu cha shule bila kujua. Hapakuwa na ukurasa wowote uliotangaza kwamba kitabu kimeguswa. Mwandishi mwenyewe hakuwa na habari hadi 1979 alipozinduliwa na wasomaji wake, ndipo akadai maneno yake yarudishwe, yakarudishwa. Kwa muda wa miaka kumi na miwili, basi, wanafunzi walifundishwa ubaya wa kuharibu vitabu kwa kutumia kitabu kilichoharibiwa.

Mtu anaweza kusema kwamba hapa pana kinaya tu, na kwamba hakuna aliyedhurika. Ni dhara gani kumkosesha mtoto wa miaka kumi na mitano maapizo machache? Isitoshe, vitabu hufupishwa kila siku. Hadithi za Alfu Lela Ulela zimesomwa na watoto wengi wa Afrika Mashariki katika matoleo yaliyochujwa, wala hatuwaiti wachujaji wake maadui wa fasihi. Pingamizi hili lina uzito, na halifai kupuuzwa.

Ili kulijibu, yafaa tutofautishe vitendo vitatu ambavyo mara nyingi huchanganywa. Cha kwanza ni kuteua: mwalimu au wizara huamua kwamba kitabu hiki kitasomwa na kile hakitasomwa. Hakuna elimu bila uteuzi, kwa kuwa miaka ya shule ni michache na vitabu ni vingi. Cha pili ni kufupisha kwa uwazi. Thomas Bowdler alipotoa Shakespeare wake wa kusomwa mbele ya familia, mwanzoni mwa karne ya 19, alitangaza katika ukurasa wa jina kwamba maneno yasiyofaa yameachwa. Tunaweza kumcheka kwa haya zake, lakini hatuwezi kumshtaki kwa udanganyifu. Aliyekinunua kitabu chake alijua kwamba kuna kingine kilicho kamili, na angeweza kukitafuta. Cha tatu ni kukata kwa siri. Kitendo hiki kinatofautiana na viwili vya kwanza, kwa maana hakimnyimi msomaji maneno tu. Kinamnyima pia uwezo wa kujua kwamba amenyimwa. Mwanafunzi wa 1975 hakuweza kuuliza kwa nini neno fulani limetolewa, kwa kuwa hakujua kwamba liliwahi kuwapo. Swali lenyewe liliondolewa pamoja na neno.

Tulinganishe visa viwili vya baadaye. Mwaka 1992, katika shule moja ya mji wa Irvine, California, wanafunzi walipewa nakala za riwaya hii zilizofutwa maneno kwa wino mweusi. Wazazi walilalamika, magazeti yakauliza, na shule ikaacha kuzitumia nakala hizo. Ufutaji ule ulikuwa wa kuchusha, lakini doa jeusi lilikuwa na ukweli wake: lilimwambia mtoto kwamba chini yake pana kitu. Mwaka 2006, huko Texas, mzazi mmoja alitaka riwaya iondolewe darasani kwa sababu ya lugha yake, na binti yake akapewa kitabu kingine cha kusoma. Wengi walimkejeli. Hata hivyo, tukipima kwa haki, binti yule alikuwa huru kuliko wenzake wa 1975. Yeye alijua anakataa nini. Wao walidhani wamesoma.

Lakini hata kitabu kamili chaweza kuharibiwa darasani bila kukatwa hata nukta moja. Jambo hili Bradbury alilijua, nayo riwaya yake imejaa walimu wa namna mbalimbali. Kepteni Beatty, mkuu wa Montag, ndiye msomi mkubwa kuliko wote katika kitabu. Ananukuu waandishi wa kila zama, na anaweza kulitumia neno la mmoja kulipindua la mwingine. Yeye ndiye anayeeleza kwamba uchomaji haukuanza kwa amri ya serikali. Ulianza kwa muhtasari: kazi kubwa zilipunguzwa zikawa kipindi cha robo saa, zikapunguzwa tena, hadi Hamlet akabaki maelezo ya ukurasa mmoja. Sisi tunaofundisha vitabu vya mtihani hatuwezi kukisoma kifungu hicho bila kuona haya. Mwanafunzi aliyekariri dhamira, wahusika na tamathali kutoka katika mwongozo, pasi na kuifungua riwaya, amekwisha kupita mikononi mwa Beatty, na huenda akapata alama nzuri.

Kinyume cha Beatty si Montag, kama wengi wanavyofikiri. Katika tukio moja Montag anachukua kitabu cha mashairi na, kwa hasira, anawasomea marafiki wa mkewe shairi la Matthew Arnold liitwalo Dover Beach. Mmoja anaangua kilio. Mwingine anapandwa na ghadhabu, akisema kwamba ushairi ni maumivu matupu. Faber, profesa mzee wa Kiingereza, anamsihi Montag aache. Mandhari hii ni darasa. Montag ana kitabu cha kweli na nia njema, lakini anakitumia kama fimbo. Hakuwaandaa wasikilizaji, hakuwauliza wanaonaje, na alitaka waguswe pale pale, kwa njia aliyoichagua yeye. Mwalimu anayemlazimisha mwanafunzi kuichukia serikali ya Oceania katika Nineteen Eighty-Four, na kumpunguzia alama asipoichukia kwa maneno yaliyokubaliwa, hajamfundisha uhuru. Amebadilisha tu jina la bwana.

Basi mwalimu afanye nini? Faber anataja mambo matatu yanayohitajika: ubora wa kile kilichomo kitabuni, nafasi ya kukitafakari, na haki ya kutenda kulingana na tulichojifunza kutokana na hayo mawili. Tukiyahamishia darasani, la kwanza ladai matini kamili, au angalau ukweli kuhusu kilichopunguzwa. La pili ladai muda, na hapa silabasi zetu nyingi zina hatia. La tatu ndilo gumu zaidi, kwani ladai kwamba mwanafunzi aruhusiwe kufikia hitimisho ambalo mwalimu hakulitarajia, pamoja na lile la kusema kwamba kitabu hiki hakikumpendeza, au kwamba kimemuumiza. Clarisse, msichana wa miaka kumi na saba anayemzindua Montag, anailalamikia shule yake kwa jambo hilo hilo: wanafunzi hawaulizi, wanamiminiwa majibu tu.

Mwishoni mwa riwaya Montag anakutana na watu walioko mafichoni, kila mmoja amehifadhi kitabu kichwani. Kwa wasomaji wa Kiswahili picha hii si ya kubuni. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, yametufikia kwa kiasi kikubwa kwa sababu wazee wa mji waliyahifadhi vifuani, na Mwalimu Sikujua bin Abdallah akayakusanya kwao kabla hayajapotea. Wazee wale walikariri, kama Beatty alivyokariri. Tofauti ni kwamba wao walijiona wamewekewa amana. Waliyapokea maneno ya mtu mwingine na wakataka kuyakabidhi kwa wengine kama walivyoyapokea, bila kuyageuza silaha wala kuyafanya mali yao.

Nadhani neno hilo, amana, ndilo linalolijibu swali letu vizuri zaidi kuliko neno mamlaka. Aliyewekewa amana anaweza kusema: sitaitoa leo, mwenyewe hajafikia umri. Anaweza kusema: nimetoa sehemu, sehemu nyingine nimeiweka, nawe ujue. Hawezi kuipunguza kisha akaapa kwamba ni kamili. Wala hawezi, baada ya kuikabidhi, kumfuata mwenyewe nyumbani na kumwamuru namna ya kuitumia. Kwa hiyo mwalimu wa fasihi ana haki ya kuchagua kitabu, na hata ya kumtaka mwanafunzi akisome chote ijapokuwa kinamchosha. Hana haki ya kumficha mwanafunzi kile kilichotolewa, wala ya kumsomea moyoni mwake. Wanafunzi wa miaka ile kumi na miwili walinyimwa haki ya kwanza na wachapishaji. Ya pili twaweza kuwanyima wetu sisi wenyewe, katika kila swali la mtihani lenye jibu moja tu.