Njiani Hakuna Kitu

Likizo ya Desemba ikikaribia, grupu za WhatsApp hapa Kitengela hugeuka kuwa kamati za safari. Nani ana gari, nani anachanga mafuta, nani analeta spika. Halafu linakuja swali ambalo hakuna anayelipa dakika mbili: tutasimama wapi? Jibu ni lile lile kila mwaka. "Tunakula Mtito, tunaenda msalani, kisha moja kwa moja hadi Mombasa. Njiani hakuna kitu."

Sentensi hiyo ya mwisho tuikalie kidogo. Ukitoka Kitengela na kuingia barabara ya Mombasa pale Athi River, una kama kilomita 450 kabla ya kunusa bahari. Unapita Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Mackinnon Road, Mariakani. Watu wanazaliwa huko, wanasoma, wanauza nyanya kando ya barabara, wanazikana. Inakuwaje nchi yote hiyo iitwe "hakuna kitu"?

Utaniambia ni maneno tu. Lakini sisi wa Kajiado tuna sababu ya kuyaogopa maneno hayo. Mwaka 1904, kisha tena 1911, serikali ya kikoloni iliwafanya Wamaasai waweke alama kwenye mikataba iliyowaondoa kwanza Bonde la Ufa, kisha Laikipia, na kuwasukuma kusini, huku tunakokuita Kajiado na Narok leo. Mlowezi aliangalia malisho yasiyo na ua wala nyumba ya mawe, akaona ardhi tupu. Hakuelewa kwamba mfugaji anayefuata mvua, anapohama mahali, hajapaacha. Anapapumzisha. Basi kabla ya ardhi kuchukuliwa, kwanza ilisemwa haina mtu.

Na si wakoloni peke yao. Mbuga ya Nairobi ilipoanzishwa 1946, upande wake wa kusini uliachwa wazi ili nyumbu na pundamilia waende na kurudi kati ya mbuga na uwanda wa Athi-Kapiti, wakipitia hapa Kitengela. Hao nao walikuwa na safari yao na vituo vyao. Kisha tukaja sisi na ploti zetu za hamsini kwa mia. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasiweke ua. Pesa hizo zilisaidia familia kadhaa kulipa karo, lakini weka dola 4 mezani kando ya bei ya ploti moja, uone nani atashinda. Simlaumu aliyeuza, wala aliyenunua akajenga. Mimi pia nalala ndani ya ua. Ninachosema ni kwamba tulipokuja kuonyeshwa ploti, wengi wetu tulisema hivyo hivyo: hapa hakukuwa na kitu.

Ndiyo maana naona kusimama njiani ni jambo la maadili, si la ratiba peke yake. Tukiandika "vituo vya maana" kwenye mpango wa safari, huwa tunamaanisha vituo vinavyotupa kitu: choo safi, nyama tamu, mandhari ya picha. Hakuna ubaya hapo. Lakini mahali panapokupa tu ni duka. Kituo kina maana zaidi pale kinapokudai kitu pia.

Chukua Makindu. Kando ya barabara kuna gurdwara, hekalu la Masingasinga, lililojengwa 1926 katika mji uliokuwa kituo cha reli. Mpaka leo msafiri yeyote, wa dini yoyote, anaingia, anapewa chakula na chai bila kuulizwa anatoka wapi, na hadaiwi hata senti. Anayetaka kuchangia anachangia. Lakini unadaiwa vitu vingine: vua viatu, funika kichwa, usimwage chakula ulichojipakulia. Tumezoea kwamba mwenye pesa ndiye mwenye amri mezani. Pale pesa yako hainunui amri yoyote. Unaondoka umeshiba, na una deni la adabu.

Mbele zaidi, katika daraja la mto Tsavo, deni ni la aina nyingine. Kila mtu anaijua hadithi ya simba wawili waliokula wajenzi wa reli mwaka 1898. Tunamjua Patterson aliyewaua. Simba wenyewe tunajua waliko: waliuzwa 1924 kwa jumba la makumbusho la Field Museum, Chicago, na bado wamesimama huko nyuma ya kioo. Na watu walioliwa? Patterson alihesabu vibarua wa Kihindi 28. Kuhusu Waafrika, alieleza kwamba hakuna rekodi rasmi iliyowekwa. Simba wamehifadhiwa manyoya; watu hawakuhifadhiwa hata majina. Ukisimama pale, unadaiwa swali hilo: ni nani aliyehesabiwa, na ni nani aliyekuwa "hakuna kitu"?

Kisha, ukikaribia Mombasa, pale Mazeras kuna njia ya kwenda Rabai. Jumba dogo la makumbusho linaeleza habari za Krapf na Rebmann, wamisionari waliofungua misheni yao huko 1846. Lakini Rabai ina kitu kikongwe kuliko misheni: misitu ya kaya, makao ya kale ya Warabai, iliyoingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Mijikenda. Huko huingii tu kwa sababu umefika na una simu yenye kamera nzuri. Kuna wazee, kuna ruhusa, kuna sehemu ambazo mgeni hafiki kabisa. Nadhani hili ndilo somo gumu kuliko yote kwa kizazi chetu, kizazi cha "tuma lokesheni": kwamba mahali panaweza kuwa na thamani kubwa, na thamani hiyo ikakutaka ubaki nje.

Najua mtu wa gari atasema nini. "Bana, hii ni likizo, si darasa la historia. Nina off ya siku tano." Ana haki. Hakuna anayeweza kusimama kila mahali, na aliyechoka akitaka kufika salama kabla ya giza tumwache afike. Tena kuna kusimama kubaya kuliko kupita: kushusha kioo, kumpiga picha mtoto wa watu na mbuzi wake bila hata salamu, kisha kukanyaga mafuta. Huko si kusimama. Huko ni kuchota.

Kwa hivyo sidai vituo vingi. Nadai kimoja cha kwenda na kimoja cha kurudi, ambapo utazima gari, utasalimia kwanza, utanunua kwa anayeuza hapo bila kumkaba bei kwa shilingi kumi, na utauliza swali moja ambalo halikuhusu wewe: hapa panaitwaje, na kwa nini? Na palipobaki, ambapo hutasimama, nadai jambo dogo zaidi: usipaite hakuna kitu. Sema hukusimama. Ni ukweli, na haumfuti mtu.

Manake zamu yetu pia huja. Barabara ya Namanga inapita katikati ya Kitengela. Usiku huu kuna basi linalotoka Arusha kwenda Nairobi, na ndani yake kuna abiria anayetazama dirishani: taa za maduka, bodaboda, moshi wa mutura, watu wakirudi makwao. Jirani yake anamuuliza hapa ni wapi. Anafunga pazia na kumjibu, "Tulale tu. Hapa hakuna kitu."