Malezi Yaanzia Tumboni

Mwinjili Luka atusimulia kwamba Bikira Maria, alipopata habari ya mimba ya Elizabeti, alishika njia ya milimani kwa haraka, akakaa naye kadiri ya miezi mitatu. Elizabeti alikuwa mtu mzima wa miaka mingi, tena mja mzito. Hakuachwa peke yake. Twaziomba familia zote zilitafakari jambo hili.

Katika hospitali kubwa mna vyumba vya watoto wachanga walio mahututi. Humo hulala vitoto visivyofika kilo 2 na nusu, vingine vikisaidiwa kupumua. Watu huuliza: ugonjwa huu umetoka wapi? Mara nyingi mwanzo wake u katika afya ya mama. Malaria hujificha katika kondo la nyuma, ikampunguzia mtoto chakula. Shinikizo la damu, lile liletalo kifafa cha mimba, huwalazimisha waganga kumzalisha mama kabla ya wiki 37, mapafu ya mtoto yakiwa bado machanga. Kisukari cha mama chaweza kumfanya mtoto apungukiwe sukari mara azaliwapo. Kaswende humwambukiza tumboni, ingawa penisilini huiponya.

Je, mama alaumiwe? Hasha! Hakuna achaguaye kuugua. Tena wapo waliotimiza kila agizo, na watoto wao wakazaliwa wagonjwa. Lakini ni nani ashikaye fedha za nyumba? Ni nani amwachaye mama atwike kuni mpaka mwezi wa tisa? Bwana anayenung'unikia nauli ya kliniki leo, huenda kesho akauza ng'ombe kwa ajili ya hospitali. Na mama mkwe asemaye, "Sisi tulizaa bila waganga," ayakumbuke pia makaburi madogo ya siku zile.

Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lashauri mama aonane na wahudumu wa afya mara 8 katika mimba, mara ya kwanza kabla ya wiki 12 kutimia. Basi, akina baba, mpelekeni mapema. Alale ndani ya chandarua, ameze vidonge vya kuongeza damu, apate maharagwe, mboga na samaki. Kichwa kikimwuma sana, macho yakiingia giza, au akitokwa na damu, msingoje kupambazuke.

Sisi Wakatoliki twakiri kwamba uhai wa mtoto ni mtakatifu tangu tumboni. Imani hiyo yatudai matendo: tumtunze na yule amchukuaye.