Mikono ya Mjomba

Kwenye karatasi iliyofunga suala la mjomba wangu, chanzo cha ajali kimeandikwa kwa maneno matano: mtembea kwa miguu kukatiza ghafla. Mtembea kwa miguu huyo alikuwa na miaka saba.

Ilikuwa Novemba, msimu wa korosho. Mjomba alikuwa anaendesha Fuso lililojaa magunia, akitoka upande wa Newala kwenda Masasi, bado yuko juu, hajaanza kuteremka. Lori lingine lilikuja mbele yake, likapita, likaacha vumbi jekundu ambalo kila aliyewahi kusafiri huko kiangazi analijua: unafunga kioo na bado unalitafuna. Mjomba akapunguza mwendo. Mtoto akatokea ndani ya vumbi. Breki zilishika, ila tani zilizokuwa nyuma hazikusimama pale alipotaka zisimame.

Hakuwa amelewa, wala hakuwa anakimbia. Hakushtakiwa. Nyumbani tulimshukuru Mungu, bibi akapika pilau. Mimi nilikuwa kidato cha tano na nilikula ile pilau kwa moyo mweupe. Naliandika hili kwa sababu miaka sita baadaye, nikiwa mwanafunzi wa uzamili ninayetafiti visababishi vya ajali za barabarani, niliiona tena ile karatasi nikashindwa kuimaliza kuisoma. Tulichokifurahia ni kwamba kosa limepewa mtoto.

Lugha yetu yenyewe ina tatizo hapa. Neno ajali tumelipata kutoka Kiarabu, na huko asili yake ni muda uliopangwa, siku ya mtu iliyokwisha kuandikwa. Kwa hiyo tukisema “ni ajali”, nusu ya sentensi tumemwachia Mungu. Nusu nyingine tunamwachia dereva: uzembe, mwendo kasi, ulevi. Kati ya Mungu na dereva hakuna mtu.

Chuoni nilifundishwa njia nyingine. William Haddon, daktari wa Marekani aliyeongoza chombo cha kwanza cha serikali ya nchi hiyo cha usalama barabarani kuanzia 1966, alichora jedwali la visanduku tisa. Wima kuna mtu, chombo na mazingira. Mlalo kuna kabla, wakati na baada ya tukio. Unajaza kila kisanduku, na ukimaliza hakuna anayeweza kusema kilikuwa kitu kimoja. Uswidi ilifika mbali zaidi mwaka 1997, bunge lake lilipokubali kwamba binadamu atakosea tu, hivyo mzigo mkubwa uwe kwa wanaobuni na kusimamia barabara, ili kosa la kawaida lisiwe kifo.

Nilijaza jedwali la mjomba usiku mmoja, na ninakiri nililijaza kama wakili. Kwenye mazingira niliandika vumbi, kutokuwa na matuta, kutokuwa na njia ya waendao kwa miguu. Nikachimba zaidi. Kwa nini nyumba zimebanana na barabara namna ile? Kwa sababu katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 watu waliokuwa wakiishi kwa kutawanyika, karibu na mashamba yao, walihamishiwa kwenye vijiji, na vijiji vingi vikapangwa kando ya barabara. Ili huduma ziwafikie. Gari nazo zikawafikia.

Kwa nini mtoto alikuwa anavuka? Kwa sababu ya maji. Uwanda wa juu wa Makonde ni mkavu. Mvua inazama mchangani na chemchemi ziko chini, kwenye miteremko na mabondeni. Vizazi kwa vizazi watu walishuka na kupanda na vyombo kichwani, hadi mradi wa maji wa miaka ya 1950 ulipoanza kuyasukuma juu kwa pampu. Bomba la kijiji kile ni neema. Ila liko ng'ambo ya barabara.

Nilipomaliza nilijisikia vizuri. Mjomba alikuwa amebaki na kisanduku kimoja tu kati ya tisa, nacho hakikuwa na cha maana ndani yake. Niliamini nimempatia zawadi. Kwetu Wamakonde mjomba si mtu wa pembeni. Ndiye aliyenilipia ada, ndiye atakayeulizwa nikiharibu. Nilitaka niwe nimemlipa.

Nilimsomea barazani kwake Masasi. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama nimekula. Kisha akasema, “Mpwa wangu, yote uliyosoma ni kweli. Lakini mikono iliyoshika usukani ni hii.”

Mwanafalsafa Mwingereza Bernard Williams aliandika mwaka 1976 kuhusu dereva wa lori anayemgonga mtoto pasipo kosa lake. Tutamfariji, tutamwambia hakuwa na la kufanya, na ni sawa. Lakini, anasema Williams, dereva akifarijika upesi mno tutaanza kumtilia shaka. Nilisoma hayo darasani nikayapigia mstari. Sikujua kuwa nilikuwa najitayarisha kuwa mtu anayemsukuma mjomba wake afarijike upesi.

Novemba ile ile alinichukua twende wote. Kumbe kila mwaka huenda. Tulipanda na basi dogo hadi kijijini, mapajani mwake kilo tano za mchele na sukari. Baba wa mtoto alitutandikia mkeka. Walisalimiana kama watu waliozoeana, “njomba” huku na “njomba” kule, wakazungumzia bei ya korosho mnadani na salfa iliyochelewa. Mtoto hakutajwa kwa muda mrefu, na nilielewa kwamba ndiyo maana ya kukaa pale.

“Huyu ndiye mpwa wako anayesomea mambo ya ajali?”

“Ndiye.”

“Haya, kijana. Tusomee.”

Nilisoma huku sauti ikinikwama. Pale kwenye vijiji aliitikia kwa kichwa. Baba yake alihamishwa, alisema, nyumba ya zamani imebaki miembe tu. Nikiwa nasoma ndipo nikaona kitu ambacho usiku ule sikukiona. Jedwali langu lilijaa watu: waliopanga kijiji, waliochagua upande wa bomba, wanaoamua wapi pawekwe tuta, wanaotaka mzigo ufike ghalani kabla ya jioni. Wote nilikuwa nimewapa sehemu ya lawama, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuja kukaa kwenye mkeka ule. Aliyekuja, mara sita, ni yule niliyetumia usiku mzima kumtoa. Siwezi kusema Haddon alikosea. Bila jedwali lake bomba litabaki pale pale. Ila nilikuwa nimedhani kugawa lawama ni kuipunguza, kama mzigo unaogawanywa kwa wapagazi. Wapagazi wengine hawajui kuwa wamebebeshwa.

“Na mtoto umemweka wapi?” baba yake akauliza.

Nilimwonyesha. Mtu, kabla ya tukio: hakuangalia pande zote. Ni yale yale maneno matano, nimeyavalisha suti.

Aliangalia karatasi kwa muda. “Alikuwa anatoka bombani,” alisema. “Amejitwisha ndoo. Ukijitwisha ndoo hugeuzi shingo.”

Nilikata mstari ule kwa kalamu, nikaandika: alikuwa amejitwisha ndoo. Kisha nikabaki nimeshika kalamu, kwa sababu sikujua kama niliache neno hilo kwenye kisanduku cha mtu au nilihamishie kwenye mazingira. Mjomba alikuwa amekwisha kusimama, anaaga. Basi la mwisho la kushuka Masasi halingoji.