Ganzi, Subira na Mguu wa Urwa

Mkulima wa Kisaki ambaye kidole chake cha mguu kimeozeshwa na kisukari anaweza kupanda gari la Morogoro mjini, kupitia Mvuha na Matombo, akiwa na hofu mbili. Ya kwanza ni kisu. Ya pili ni nusu kaputi: kulazwa usingizi asiouomba, na pengine asiamke.

Hofu hiyo ya pili ina wenzake wakubwa. Husimuliwa kwamba Urwa bin Zubeir, mwanazuoni wa Madina, alipatwa na donda mguuni akiwa safarini Sham. Waganga wakampa kinywaji cha kumpoteza fahamu. Akakikataa, asije akaacha kumtaja Mola wake. Mguu ukakatwa kwa msumeno, yeye macho. Injili ya Marko nayo inaeleza kwamba Yesu, kabla ya kusulubiwa, alipewa divai iliyotiwa manemane asiipokee.

Wapo wanaohitimisha kwamba maumivu yenyewe ni ibada. Hapo wanateleza. Urwa hakuyatafuta maumivu; alikuwa akiilinda akili yake.

Na akili ndiyo inayobakizwa na ganzi ya sehemu. Agosti 1898, mjini Kiel, Ujerumani, daktari August Bier alimdunga kibarua kokaini kwenye uti wa mgongo, akampasua kifundo cha mguu kilicholiwa na kifua kikuu. Siku chache baadaye msaidizi wake, Hildebrandt, akajitolea kujaribiwa: akagongwa nyundo ya chuma kwenye muundi, akachomwa kwa sigara, wala hakuumia. Ganzi ilipoisha, alilipa kwa kichwa kuuma na kutapika.

Siku hizi hutumika lignokeni au bupivakeini, na kwa wayo daktari wa usingizi anaweza kudunga nyuma ya goti tu, karibu na mshipa wa fahamu. Mgonjwa husikia akivutwa na kusukumwa, ila haumii. Anaweza kuleta uradi au kusali rozari kidole kikiondolewa.

Je, amepunjwa thawabu ya subira? Hata kidogo. Kisukari kilikwisha kumtia ganzi zamani, bila ridhaa yake: alikanyaga mwiba shambani asijue, kidonda kikachimba. Maumivu yalihitajika siku ile, yampigie kelele. Mezani hayana kazi. Subira inamngoja kwenye magongo, na kwenye kukagua nyayo kila jioni.

Basi mgonjwa, kabla hujatia saini fomu, muulize daktari wa usingizi kama ganzi ya mguu pekee inakufaa, na umtajie dawa zote unazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda, na za miti shamba pia.