Mtoto Ni Amana

Katika sharika zetu huulizwa swali hili: Je, yafaa mtu ampokee mtoto asiye wa ukoo wake, amlee, kisha amrudishe kwao? Wengi hujibu upesi kwamba hiyo ni kazi ya hasara. Haya, na tulipime jibu hilo.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania, ya mwaka 2009, imeweka njia ya kumtunza katika nyumba ya watu mtoto asiyeweza kukaa na wazazi wake. Njia hiyo huitwa malezi ya kambo. Neno hilo lawatisha wengi, kwa kuwa wazee walisema, Mama wa kambo si mama. Basi ifahamike kwamba hapa hasemwi mke wa baba, bali mtu aliyechunguzwa na kukubaliwa kuwa mlezi.

Wengine hudhani kazi hii ni ya wasio na watoto, au ya matajiri. Martin Luther na mkewe Katharina, waliooana mwaka 1525, walizaa watoto 6, na juu ya hao waliwalea yatima wa jamaa zao. Wala hawakuwa na mali nyingi. Katharina alilima, alifuga, tena alipokea wanafunzi wa kupanga, ili wote wapate kula.

Wako na wanaodhani wamepata mikono ya kuchota maji na kuchunga mbuzi. Hao wasimpokee mtoto. Kazi za nyumbani na azifanye pamoja na wenzake, kwa kadiri ya umri wake. Lakini akitumwa yeye peke yake, na wenzake wakaenda shule, aliyempokea si mlezi, ni bwana aliyejipatia mtumwa.

Kosa lililo kubwa ni kudhani kwamba mtoto akiisha kulelewa amekuwa mali ya mlezi. Kuasili ni jambo jingine: hapo mahakama hutoa amri, na mtoto huhesabiwa kuwa wa nyumba ile daima. Katika malezi ya kambo mtoto angali na wazazi wake na jina lake, na kwao kukitengenea aweza kurudi. Hapo ndipo moyo huuma, nasi hatutaki kuuficha uchungu huo. Mama aliyekesha na mtoto mwenye homa hawezi kumfungia mzigo wake pasipo machozi.

Lakini tumkumbuke binti Farao. Alimtoa Musa majini, akamlea, akafundishwa elimu ya Misri. Hata alipokuwa mtu mzima akawaendea ndugu zake. Je, kazi ya mlezi ilipotea? Pasipo yeye, Israeli wangalimpata wapi kiongozi wao?

Tena tuseme kweli: hata mtoto tuliyemzaa wenyewe ataondoka siku moja. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Na kila alelewaye ni amana, awe wa tumbo letu au wa mwenzetu.

Basi mume na mke washauriane, watoto wao nao waulizwe, ndipo wamwendee afisa wa ustawi wa jamii. Na mwenye kuuliza, "Mimi nitabaki na nini?" ajiulize kwanza mtoto yule angebaki na nini kama asingalifunguliwa mlango.